Maji ndani ya hema: ni mvua au ni pumzi zetu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Arusha na mlezi wa klabu ya mazingira. Shule ilinunua mahema sita yaliyokwisha kutumika, ya watu watatu watatu, kutoka kwa kampuni moja ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Mwezi wa tano tuliwapeleka wanafunzi Ngorongoro, tukalala kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta. Usiku kulikuwa na ukungu, manyunyu ya hapa na pale na baridi kali, kwa hiyo tuliwaambia wafunge zipu zote. Asubuhi kila hema lilikuwa limelowa ndani. Matatu yalidondosha matone kutoka juu, mawili yalikuwa na maji sakafuni, na moja linanata na kunuka vibaya. Fundi anataka kuyapaka rangi ya kuzuia maji. Mwenzangu anasema tuyafunike nailoni. Tuna safari nyingine mwezi wa nane. Je, yanavuja? Tuyatupe, tuyapake, au tufanye nini?

JIBU: Mwalimu, poleni sana, hasa watoto walioamka na blanketi mbichi kwenye baridi ya pale juu. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu najua hela ya klabu haipatikani kirahisi, na kwa maelezo yako iko karibu kutumika pasipostahili. Mahema yako hayana ugonjwa mmoja. Yale matatu ya matone, karibu nina hakika hayavuji kabisa. Yamelowa kwa pumzi za waliolala ndani. Yale mawili ya sakafu yanahitaji kupimwa kabla ya mtu kuyagusa. Lile linalonata limekwisha. Rangi ya fundi haitibu lolote kati ya hayo, na nailoni ya mwenzako, ikilazwa juu ya hema, itaongeza maji badala ya kuyapunguza.

Nianze na pumzi, maana ndipo watu wengi wanapopotea njia. Mtu aliyelala hutoa maji kwa kupumua na kupitia ngozi usiku kucha, hata kama hatoki jasho la kuonekana. Kwa usiku mzima ni robo lita au zaidi. Wanafunzi watatu katika hema moja wanatoa robo tatu ya lita. Sasa tazama hewa inaweza kubeba kiasi gani. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba mvuke wa gramu 17 hivi kabla haijashiba. Katika nyuzi 10 hubeba gramu 9 na ushee. Katika nyuzi 0 haifiki hata gramu 5. Hema la watu watatu lina hewa ya mita za ujazo tatu au nne, basi. Kwa usiku wa nyuzi 10, hewa yote iliyomo ndani inaweza kushika gramu thelathini na kitu za maji, sawa na vijiko viwili vikubwa na kidogo. Watoto wanatoa robo tatu ya lita, hewa inapokea vijiko viwili. Yaliyobaki yana njia mbili tu: yatoke nje na upepo, au yatue kwenye kitambaa. Mlipofunga zipu zote na vidirisha vya juu, mliiziba njia ya kwanza.

Kitambaa nacho hakikai na joto la hewa tu. Usiku, kifuniko cha nje cha hema hupeleka joto lake angani, na anga likiwa wazi hupoa hadi kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hulowa kwa nje ingawa haivuji, na kifuniko cha hema hufanya hivyohivyo kwa upande wa ndani. Ndiyo maana utakuta hema limelowa ndani hata usiku ambao hakukunyesha tone. Wageni wanaolala kambi ya Barafu, kwenye mita 4,600 na zaidi za Kilimanjaro, huamka wakakuta pumzi zao zimeganda kuwa theluji nyembamba juu ya vichwa vyao. Jua likishaligusa hema, theluji ile hugeuka matone na kuwanyeshea. Wenye uzoefu huikung'uta mapema, kabla jua halijafika.

Ngorongoro ina ugumu wake wa ziada. Ukingo wa kreta uko kwenye mita 2,300 hivi, mawingu hupita mlemle mlimolala, na hewa ya nje yenyewe inakuwa imeshiba maji. Kwa hiyo nisikudanganye: usiku wa ukungu pale Simba hutapata kifuniko kikavu, hata ununue hema la bei gani. Lengo lako ni lingine, nalo linafikika. Acha maji yatue kwenye kifuniko cha nje, yateremke pembeni hadi kwenye nyasi, yasiwafikie watoto wala vitu vyao. Hema la matabaka mawili, kama hayo yenu, limebuniwa kwa kazi hiyo hasa. Tabaka la ndani linapumua, mvuke unapenya na kutua kwenye tabaka la nje, kati yao kuna nafasi ya hewa.

Nafasi hiyo ikipotea, kila kitu kinaharibika. Nikiangalia hema ambalo mwenyewe anasema linavuja, kitu cha kwanza ninachotazama ni mahali kifuniko kinapogusa hema la ndani. Nailoni ikilowa hulegea. Uliyoikaza saa kumi na mbili jioni hadi ikalia ukiipiga kidole, kufikia saa nne usiku imebwatika juu ya hema la ndani, na maji yaliyokuwa yateremke pembeni yanapenya moja kwa moja hadi kwenye blanketi. Polyesta hulegea kidogo tu, nailoni hulegea sana. Dawa yake haigharimu kitu. Kabla ya kulala, mwalimu wa zamu azunguke na tochi kukaza kamba zote za pembeni. Mvua ikinyesha usiku, azikaze tena. Na kamba hizo zifungwe zote, si zile za pembe nne peke yake. Mara nyingi mahema ya mitumba huja na kamba za ubavuni zimekatika au zimepotea, na hakuna anayehangaika kuzirudisha kwa sababu hema linasimama hata bila hizo. Linasimama, lakini ubavu wake unabonyea ndani. Nunua kamba nyembamba ya nailoni dukani, ukate vipande, urudishe kila iliyokosekana. Huenda hiyo ikawa matengenezo yenye faida kuliko yote utakayofanya.

Wanafunzi nao wasisukumie mabegi kwenye kuta. Begi likiegemea hema la ndani linalibana hadi kwenye kifuniko, na asubuhi begi limelowa upande mmoja, mwenyewe anaapa kwamba hema limetoboka.

Sasa zipu. Naelewa kwa nini mlizifunga: baridi, na wanyama. Nyati na pundamilia huja kula nyasi katikati ya mahema pale Simba, na hakuna mlezi mwenye akili timamu atakayewaambia watoto waache mlango wazi. Lakini mlango na hewa ni vitu viwili tofauti. Mlango wa neti wa hema la ndani ufungwe daima, hadi chini. Vidirisha vya juu vya kifuniko vifunguliwe vyote, vile vyenye kijiti cha kuviinua visimamishwe kabisa, maana mvuke wa joto hupanda na unatafuta kutokea juu. Zipu ya mlango wa kifuniko ifunguliwe kwa juu kiasi cha kiganja, upande usiopigwa na upepo. Nguo ya ukingo wa chini wa kifuniko isilale chini ikaziba. Iachwe ikining'inia vidole vitatu au vinne juu ya nyasi, ili hewa baridi iingie chini na ya joto itokee juu. Hewa ikipita hivyo, ndani kutapoa kidogo. Ni afadhali. Mtoto mkavu mwenye blanketi mbili atalala vizuri kuliko mtoto aliyelowa ndani ya hema lililozibwa.

Punguza pia maji mnayoyaingiza wenyewe. Makoti ya mvua na viatu vilivyolowa vibaki kwenye ukumbi, ile nafasi iliyo kati ya mlango wa ndani na kifuniko. Nguo mbichi isianikwe ndani kwa kamba. Itakauka kweli, na maji yake yote yataishia kwenye paa. Kama nyasi za ukumbini ni ndefu na zimelowa, tandika kipande cha turubai juu yake, maana ardhi nayo inapumua usiku kucha. Kila hema liwe na kitambaa kikavu cha kufutia, kile cha sponji nyembamba wanachofutia magari kinafaa sana. Saa kumi na moja alfajiri kila kundi lifute kifuniko chao kwa ndani, wakikamulie nje. Watoto wakifundishwa hivyo siku ya kwanza, wanafanya wenyewe siku ya pili.

Hujasema kama kuna aliyeingiza jiko, lakini baridi ya Simba naijua inavyoshawishi, kwa hiyo nalisema. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata dakika moja, hata ukumbini, hata likiwa limebaki majivu yenye moto kidogo. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na anayelala nayo haamki. Gesi nayo ina hatari hiyohiyo, na juu yake inalowesha: ukichoma gramu 100 za gesi ya kupikia, unapata gramu 150 hivi za maji katika mvuke. Mwambie kila mwalimu mnayekwenda naye, na umwambie na dereva. Joto la usiku litafutwe kwa uji wa moto kabla ya kulala, soksi kavu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ndani ya blanketi.

Twende kwenye yale mawili yenye maji sakafuni. Kuna njia tatu maji hufika pale, na moja tu kati yake ndiyo uvujaji.

Ya kwanza ni turubai la kutandika chini. Watu hulitandika likachomoza nje ya hema, wakidhani wanaongeza kinga. Mvua inayoteremka kwenye kifuniko inatua kwenye turubai lile, linaikusanya na kuipeleka yote chini ya sakafu. Hapo umelala juu ya bwawa. Turubai likunjwe kingo zake hadi liwe dogo kuliko sakafu ya hema, vidole vinne ndani kila upande, na mkunjo uelekee chini. Ukiniambia mlitandika turubai kubwa la bluu la kawaida, nitakuambia umeshapata jibu la angalau hema moja.

Ya pili ni mvuke tena. Godoro la sponji likilala juu ya sakafu iliyo juu ya ardhi baridi, mvuke wa mwili unashuka hadi chini ya godoro na kugeuka maji pale. Ukiinua godoro unakuta alama iliyolowa yenye umbo la mtu. Ukiona umbo hilo, na pembe za sakafu ni kavu, sakafu haina kosa. Mkeka wa plastiki au sponji ya kambi isiyonyonya maji, ile yenye matundu madogo yaliyofungwa, hupunguza tatizo hilo sana.

Ya tatu ni sakafu yenyewe kuchoka. Vitambaa vya mahema hupimwa kwa urefu wa maji yanayoweza kukaa juu yake kabla ya kupenya. Ukiona lebo imeandikwa milimita 3,000, maana yake kitambaa kikiwa kipya kilistahimili mita tatu za maji. Paa huhitaji kidogo, milimita 1,500 hivi zinatosha mvua nyingi, lakini sakafu huhitaji zaidi kwa sababu goti na kiwiko cha mtu hukandamiza maji kwa nguvu kuliko mvua. Sakafu ya mitumba iliyopita juu ya mawe ya Shira na Barranco, kambi za Kilimanjaro, msimu baada ya msimu, namba ya lebo haina maana tena.

Kipimo cha sakafu ni rahisi. Lowesha gunia au taulo kuukuu, litandike juu ya sementi, lilaze chini ya sakafu ya hema. Ndani, weka karatasi kavu ya chooni, piga goti juu yake kwa dakika moja, kisha inua karatasi uitazame kwenye mwanga. Ikiwa na doa, umepata pahali. Rudia kila hatua, hasa katikati ambako watu hukaa na mlangoni ambako hupiga magoti wakiingia.

Paa na mishono hupimwa kwa mpira wa maji, na ningependa ufanye hivyo kwa mahema yote matano, hata yale ninayodhani ni mazima. Chagua siku ya jua, mchana. Simamisha hema uwanjani, likaze vizuri, liache wazi lipate hewa kwanza hadi liwe kavu kabisa ndani. Mtu mmoja aingie na tochi na chaki. Mwingine amwagilie kama mvua ya kawaida, bila kuyarusha maji kwa nguvu mahali pamoja, akianzia chini: dakika tano kwenye ukingo wa sakafu, kisha tano kwenye zipu, kisha mishono ya ubavuni, mwisho kabisa kileleni. Ukianza juu, maji yatateremka kwa ndani na kutokea mbali na tundu, na utaziba mahali pasipo na kosa. Aliye ndani aweke chaki kila anapoona tone likipenya. Kwa kuwa ni mchana wa joto na hakuna aliyelala mle, pumzi haziwezi kukuchanganya. Hema likipita kipimo hicho likiwa kavu, na Simba lilikuwa limelowa, basi ni pumzi, na hakuna gundi duniani ya kuziba pumzi.

Ukipata uvujaji, uwezekano mkubwa utakuwa kwenye mshono. Sindano ilitoboa kitambaa mara nyingi sana pale, na kiwanda kikaziba kwa utepe mwembamba unaobandikwa kwa ndani. Jua la ikweta kwenye miinuko ni kali, na hema linalokunjwa bichi kila asubuhi huachia utepe mapema. Pitisha kidole juu ya mshono: utepe uliokufa huinuka kama ngozi kavu na kuchanika bila ubishi.

Kabla ya kununua gundi, jua kitambaa kimepakwa nini. Ukiona kuna utepe, au mabaki yake, upande huo una utando wa poliyurethani, aina ya plastiki, na gundi yake ni ya mishono ya poliyurethani. Ukikuta kitambaa kinateleza sana pande zote mbili na hakijawahi kuwa na utepe, huenda kina silikoni, na kwenye silikoni hakuna kinachoshika ila silikoni. Ukiwa na wasiwasi, paka tone moja mahali pasipoonekana, usubiri likauke siku nzima, ulikwangue kwa ukucha. Likibanduka zima, si lenyewe.

Kazi yenyewe haina haraka. Vua utepe ule uliokwisha kuachia, ule ulioshika vizuri uuache. Futa mshono kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia vidonda, usubiri ukauke. Mtu mmoja auvute mshono pande mbili ili matundu ya sindano yafunguke, mwingine apake gundi kwa brashi ndogo, safu nyembamba, akiisugua iingie kwenye uzi na kuvuka kila upande kwa upana wa nusu kidole. Safu nene haizibi zaidi, inapasuka tu ukikunja. Acha lining'inie kivulini kutwa kucha. Kisha, na hili wengi hulisahau, paka poda ya mtoto juu ya mishono yote uliyoitengeneza. Bila poda, siku utakayokunja hema gundi itashikana yenyewe kwa yenyewe, na ukilifungua Ngorongoro itabanduka. Kwa hema la silikoni, tumia silikoni safi isiyo na rangi ya duka la vifaa vya ujenzi, uilainishe kidogokidogo kwa waiti spiriti hadi ipakike kwa brashi. Fanyia nje, mbali na moto. Usitumie tina ya rangi za magari, inaweza kula utando wa kitambaa.

Matundu madogo ya sakafu yanazibika kwa kiraka cha kitambaa cha nailoni na gundi hiyohiyo, kiraka kikikatwa pembe zake ziwe duara ili zisiinuke. Kama sakafu nzima inapitisha, tandika kwa ndani kipande cha turubai zito lililokatwa kwa umbo la sakafu. Ni kazi ya kienyeji, lakini watoto watalala pakavu, na ndicho tunachokitafuta.

Lile hema linalonata na kunuka, usilitumie tena kulalia. Utando wake wa poliyurethani umeoza. Maji na joto huuvunja taratibu, hasa hema likikunjwa bichi na kuwekwa stoo yenye joto, na ukishaanza kunata hauponi. Hata ukiupaka gundi, itashika kwenye utando unaobanduka, nayo itabanduka nao. Lakini usilitupe. Nguzo zake, vigingi, kamba, vichwa vya zipu na hata kitambaa cha neti ni vipuri vya yale matano mengine.

Kuhusu rangi ya fundi, naomba umkatalie kwa heshima. Rangi za kuzuia maji za mapaa na za turubai zimetengenezwa kwa vitu vizito. Kwenye nailoni nyembamba zinaongeza uzito, zinakakamaza kitambaa, zinapasuka kwenye mikunjo, na zikipakwa hema la ndani zinaliziba lisipumue, hapo pumzi zote zinabaki na wanafunzi. Kuna dawa za kupulizia zinazofanya maji yajikusanye matone na kuteremka kwenye kifuniko. Hizo zinafaa kama kifuniko kinanyonya maji kwa nje na kuwa kizito, lakini hazizibi mshono wala tundu, kwa hiyo zije mwisho, kama hela imebaki.

Nailoni ya mwenzako ina wazo zuri ndani yake, imekosewa kwa kuilaza juu ya hema. Ikigusa kifuniko inaziba vidirisha. Badala yake, tundikeni turubai juu ya mahema kwa nguzo na kamba, kukiwa na nafasi ya nusu mita au zaidi kati yake na kilele cha hema, pande zote wazi. Turubai hilo linazuia mvua, na pia linakinga kifuniko kisipoteze joto angani, kwa hiyo mvuke unaotua unapungua. Mti ungefanya kazi hiyohiyo, lakini ukingoni mwa kreta majani hukamata ukungu na kudondosha maji usiku kucha, hata bila mvua. Waliolala chini ya mti huapa asubuhi kwamba kulinyesha.

Mahali pa kusimamisha pia pana uzito wake. Epukeni kibonde, hewa baridi hutiririka na kutuama humo, na maji ya mvua hali kadhalika. Tafuteni mwinuko mdogo wenye nyasi fupi, mgongo wa hema uelekee upepo. Ingekuwa ni safari ya Bagamoyo au Pangani ningekuambia mengine, kwa sababu pwani hewa ni ya joto na imejaa unyevu hata mchana, na hema la ndani lenye neti tupu ndilo linalofaa. Kwa miinuko ya kwetu, neti tupu inaruhusu matone ya kifuniko yawadondokee wanafunzi, kwa hiyo hema la ndani lenye kitambaa kwa sehemu kubwa ni bora.

Agosti masika yatakuwa yamekwisha, lakini msidanganyike. Ndiyo miezi ya baridi pale juu, usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na ukungu wa alfajiri upo. Tarajieni kufuta.

Asubuhi ya kuondoka, msipoteze saa mbili mkingoja mahema yakauke kwenye ukungu, hayatakauka. Yakamueni, yakunjeni ovyo kwenye mfuko mkubwa, kifuniko kikiwa mbali na hema la ndani ili kisililoweshe. Mkifika Arusha, siku hiyohiyo na si Jumatatu, yaanikeni kivulini penye upepo hadi zipu na mishono iwe kavu, kisha yakae stoo yakiwa yamelegezwa kwenye mfuko mpana unaopitisha hewa, juu ya rafu, mbali na mabati ya moto. Matope yaoshwe kwa maji ya uvuguvugu, sponji na sabuni laini kidogo. Mashine ya kufulia na sabuni ya unga havifai.

Basi fedha zako ziende hivi: kamba, chupa moja au mbili za gundi ya mishono, vitambaa vya kufutia, turubai la kutundika, na hema moja jipya badala ya lile lililooza. Kwenye hilo jipya, kabla ya kuuliza rangi na bei, tafuta matabaka mawili, kifuniko kinachoshuka hadi karibu na ardhi, vidirisha viwili vya juu vinavyoweza kufunguliwa kwenye mvua, sakafu ambayo kingo zake zimepandishwa kiganja kimoja juu ya ardhi, na mishono yenye utepe. Kama ni mitumba tena, lifungue palepale dukani, ulinuse, na ubandike kifuniko upande wake wa ndani kwenye kiganja. Kikinata, mrudishie mwenyewe. Na hata likiwa jipya kabisa, lipige mpira wa maji uwanjani kabla ya Agosti, maana mishono ya kiwandani nayo hukosewa, na wakati huo bado mtakuwa na muda wa kulirudisha.